Mlango Baina ya Kenya na Tanzania



Jioni moja tulikuwa tukiwafundisha vijana wetu darasa la mirathi, namna mali ya marehemu inavyogawanywa: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi wapewe mafungu yao. Kijana mmoja akanyosha mkono akauliza: "Maalim, na nchi zikiwa na mali ya shirika, kisha zikagombana, nani huzigawia?" Wenziwe wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa jambo hilo limekwisha tokea hapa petu, nasi tuliliona kwa macho yetu tulipokuwa wadogo kuliko yule kijana. Tulimjibu kwa ufupi tu, maana Magharibi ilikuwa imekaribia. Leo twamjibu kwa urefu, na jawabu hili twawaandikia nyote mlio majumbani, khasa ninyi vijana mnaoijua Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya leo, wala hamjui ya kuwa ilikuwako nyingine kabla yake, nayo ikafa.

Ndugu waliopitiwa na mstari

Sisi tumezaliwa katika kijiji cha pwani, kaskazini ya Tanga, si mbali na mpaka. Ng'ambo ya mpaka huo, upande wa Kenya, uko mji mkongwe wa Vanga. Wadigo na Wasegeju wako huku na wako kule. Lugha yao ni moja, na nasaba zao zimefumana kama ukili. Mtu wa huku akioa kule hakuhesabiwa kuwa ameoa ugenini.

Katika mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa huko kwao Ulaya wakagawana nchi ambazo si zao. Mstari ukaanzia pwani karibu na mdomo wa mto Umba, ukapanda bara, ukauzunguka mlima Kilimanjaro, ukaishia katika ziwa kuu la Nyanza. Urefu wake wapita kilomita 700. Wenye nchi hawakuulizwa.

Walakini kwa miaka mingi mstari huo haukuwa na ukali. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza Mwingereza alitawala pande zote mbili, na watu walitumia shilingi moja. Hata baada ya uhuru, Tanganyika katika mwaka wa 1961 na Kenya katika mwaka wa 1963, desturi hiyo iliendelea kwa muda. Kila nchi ilianza kutoa fedha yake mbali katika mwaka wa 1966. Katika Juni 1963 wakubwa watatu, Nyerere, Kenyatta na Obote, walitangaza ya kuwa wataka kuziunganisha nchi zao ziwe dola moja. Jambo hilo halikutimia. Hata hivyo, tarehe 6 Juni 1967 walitia sahihi mjini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo.

Shirika na hesabu zake

Shirika hilo halikuwa la maneno matupu. Reli ilikuwa ya wote watatu, na makao yake Nairobi. Bandari zilikuwa za wote, na makao yake Dar es Salaam. Posta na simu makao yake Kampala. Ndege zilikuwa za wote, na makao yake Nairobi. Ofisi kuu ya Jumuiya ikawekwa Arusha. Barua iliyotiwa posta Kisumu na barua iliyotiwa posta Mtwara zilipita katika mikono ya shirika moja.

Basi liliharibikaje shirika kubwa namna hii? Ukimwuliza mtu wa Tanzania atakwambia kosa lilikuwa la Kenya. Ukimwuliza wa Kenya atakwambia lilikuwa la Tanzania. Sisi twaona ya kwamba hesabu ziliachwa bila ya kufungwa, na wenye hesabu wakaacha kukaa pamoja.

Viwanda vingi vilikuwa Kenya tangu zama za ukoloni, na Kenya ikawauzia wenziwe zaidi ya ilivyonunua kwao. Mkataba wa 1967 uliweka kodi maalumu ili kuwasaidia waliokuwa nyuma, lakini manung'uniko hayakwisha. Tena njia za siasa zikatengana. Tanzania ilitoa Azimio la Arusha katika Februari 1967, ikashika ujamaa. Kenya ikashika njia ya biashara ya watu binafsi. Wenye shirika la duka moja wawili, mmoja akitaka faida igawanywe kwa wote na mwingine akitaka kila mtu ashike chake, hawana budi kuzungumza kila siku, la sivyo duka litafungwa.

Na mazungumzo ndiyo yaliyokatika. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote huko Uganda. Mwalimu Nyerere alikataa kukaa na Amin meza moja. Tangu hapo baraza la Marais watatu, ambalo ndilo lililokuwa na kauli ya mwisho katika mambo ya Jumuiya, halikukutana tena. Hatusemi ya kuwa Mwalimu alikosa kumchukia mtu aliyemwaga damu za watu wake. Twasema tu lililotokea: mambo yaliyohitaji kauli ya wakubwa yakarundikana, na kila mwaka rundo likazidi. Mapato ya reli na bandari yakaanza kuzuiliwa katika nchi yalimokusanywa. Shirika la ndege likalemewa na madeni, na kila mmoja akasema mwenziwe ndiye asiyelipa.

Ndimi nazo hazikukaa kimya. Huku wakasema ya kuwa kule mtu anamla mtu. Kule wakajibu ya kuwa huku mtu hana cha kula. Watu wakacheka pande zote mbili, na mzaha ukafanya kazi yake.

Siku mlango ulipofungwa

Katika Januari 1977 ndege za shirika zilikoma kuruka, na Kenya ikaunda shirika lake peke yake. Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ikaufunga mpaka. Magari ya watalii na ndege ndogo za kutoka Kenya zilizokutwa Tanzania zikazuiliwa. Tanzania ilisema ya kuwa Kenya imelivunja shirika, na tena yachuma kwa watalii wanaokuja kutazama mbuga za Tanzania. Kenya ikasema ya kuwa imechoka kubeba mzigo wa wengine. Ilipofika tarehe 30 Juni mwaka huo, mwaka wa fedha ulikwisha pasi na bajeti mpya kupitishwa, na Jumuiya ikafa. Hakuna risasi iliyopigwa baina ya nchi hizi mbili, na twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo. Lakini mlango ulifungwa.

Sisi wakati huo tulikuwa na umri wa miaka saba. Bibi yetu, mzaa mama, alikuwa na mdogo wake, baba mmoja na mama mmoja, aliyeolewa Vanga. Wazazi wao walikuwa wamekwisha fariki, wala hawakuwa na ndugu mwingine. Huyu bibi wa Vanga hakujaaliwa mtoto, kwa hiyo sisi wajukuu wa dada yake ndio tuliokuwa wajukuu wake. Kila mwaka alikuja kwetu wakati wa Maulidi, akakaa siku kumi au zaidi. Mwaka huo hakuja. Tukaambiwa: "Mpaka umefungwa." Sisi watoto tulidhani mpaka ni nyumba yenye mlango, na mwenye ufunguo amesafiri.

Wako vijana waliovuka kwa njia za porini, na wako wavuvi waliopita baharini usiku. Lakini mwanamke mzee hawezi kwenda kwa kujificha, wala bibi yetu hakutaka kuingia kama mwizi katika nchi aliyoolewa mdogo wake. Akangoja. Kila mwaka akasema utafunguliwa mwaka ujao.

Katika mwaka wa tatu mvuvi mmoja alileta khabari. Mdogo wake bibi amefariki, amezikwa, matanga yameondolewa, na arubaini imekwisha somwa. Bibi alikaa kitako juu ya mkeka, asilie. Kisha akasema neno ambalo hatujalisahau mpaka leo: "Na mimi nimegombana na nani?"

Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Alikuwa hajui kusoma, hajapata kuiona ndege kwa karibu, wala hakuwa na deni na Nairobi wala na Dar es Salaam. Wakubwa walikuwa wamegombana juu ya hesabu, na yeye ndiye aliyelipa kwa kukosa kumzika ndugu yake.

Mgawanyaji wa mirathi

Sasa ndipo tunapofika kwenye swali la yule kijana. Jumuiya ilikuwa imekufa ikaacha mali nyingi na madeni mengi, na warithi watatu hawasemezani. Mwishoni mwa mwaka wa 1977, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walikubali kumtafuta mtu wa kando. Akateuliwa mtu wa Uswisi aitwaye Victor Umbricht. Hakuwa na ujamaa na yeyote katika wale watatu.

Kazi yake ilichukua miaka. Ilimpasa kujua mali yote ya shirika: reli, vichwa vya garimoshi na mabehewa, meli za ziwani, magati, ndege, majumba na mitambo ya simu. Ilimpasa pia kujua madeni, maana urithi bila ya madeni kuhesabiwa ni dhulma. Na kila kitu kilitakiwa kipewe thamani, kisha warithi wote watatu waikubali thamani hiyo. Nanyi mwajua ugumu wa kuwapatanisha ndugu watatu juu ya thamani ya kitanda cha marehemu baba yao!

Mambo mengine yalitokea katikati. Mzee Kenyatta alifariki katika Agosti 1978, akashika Rais Moi. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwaka huo huo, vita vikapiganwa, na Amin akaondolewa katika Aprili 1979. Mgawanyaji akaendelea na daftari zake.

Mwishowe mafungu yakatoka. Hayakuwa thuluthi kwa thuluthi. Kenya ilipewa asilimia 42, Tanzania asilimia 32, na Uganda asilimia 26. Na kwa kuwa reli haiwezi kung'olewa ikabebwa, kila nchi ilibaki na kile kilichokuwa katika ardhi yake, na thamani yake ikahesabiwa katika fungu lake. Uganda ikaonekana imepata pungufu ya haki yake, ikawapasa wenziwe kuifidia.

Tarehe 17 Novemba 1983 Marais watatu, Nyerere, Moi na Obote, walikutana Arusha wakakubaliana, na mpaka ukafunguliwa. Mkataba wenyewe wa kugawana ulitiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Ndani ya mkataba ule ule wa kutengana, waliweka kifungu cha kusema ya kuwa watatafuta njia za kushirikiana tena. Ni kama mume na mke waliotoka kwa kadhi na talaka mkononi, wakaandika chini yake ya kuwa mlango wa kurejeana hawakuufunga.

Daftari la mzee wa Vanga

Mlango ulipofunguliwa, bibi hakungoja hata mwezi. Sisi tulikuwa na miaka kumi na mitatu, tukaambiwa tumsindikize. Tulipita Horohoro, tukaingia Lunga Lunga, tukateremka mpaka Vanga. Safari iliyomngojesha bibi karibu miaka saba tuliimaliza siku moja, na jua lilikuwa bado halijatua. Bibi alizuru kaburi, akaomba dua, akakaa hapo mpaka tukaogopa.

Usiku mume wa marehemu, mzee aliyekwisha dhoofika, alitoa sandukuni kitambaa kilichofungwa na daftari la shule. Akasema: "Shemeji, marehemu aliacha minazi ishirini na minne. Mtoto hana, wazazi hana. Nusu ni yangu na nusu ni yako. Minazi kumi na miwili ya upande wa kisimani ni yako tangu siku aliyofariki. Kila nazi zilipoanguliwa niliandika." Akafungua daftari. Kila muango ulikuwa na mstari wake: tarehe, idadi ya nazi, bei, na ujira wa mkwezi uliotolewa. Fedha zilikuwa ndani ya kitambaa.

Bibi alilia usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu khabari ile ilipofika. Alizipokea fedha, akatoa sehemu yake sadaka kwa ajili ya marehemu, na minazi akamwachia yule mzee aiangalie.

Hatukuyaelewa yale hata tulipokuwa watu wazima na kuanza kufundisha mirathi. Yule mzee angeweza kusema mpaka umefungwa na mwenye haki hayupo. Hakuna kadhi ambaye angemfuata. Lakini aliandika, mwaka baada ya mwaka, kana kwamba shemeji yake angebisha hodi kesho. Kwa hiyo siku mlango ulipofunguliwa hapakuwa na ugomvi wa kuamua wala mtu wa kuitwa kutoka mbali.

Walivyofanya baada ya hapo

Wakubwa nao, kwa haki ya Mungu, walijifunza. Jumuiya mpya haikufanywa kwa haraka. Mapatano ya kwanza yalikuwa katika Novemba 1993, ofisi ikafunguliwa Arusha katika Machi 1996, mkataba ukatiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Ikawekwa mahakama ya Jumuiya, mahali pa kwenda mwenye kulalamika. Rwanda na Burundi zikaingia katika mwaka wa 2007, Sudan ya Kusini 2016, Kongo 2022, na Somalia 2024.

Je, ugomvi umekwisha? La. Katika mwaka wa 2017 Tanzania ilipiga mnada zaidi ya ng'ombe 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho, kisha ikateketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kwa njia ya Namanga bila ya kibali. Watu wengi walichukizwa. Walakini mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Desemba 2018, Marais Magufuli na Uhuru Kenyatta walisimama hapo hapo Namanga wakafungua kituo cha pamoja, ambamo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Katika mwaka wa 2020 madereva wa malori walikwama mipakani kwa sababu ya vipimo vya Korona. Katika Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa kuhofia sumu ya ukungu, na baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Mwezi wa Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, akalihutubia Bunge la Kenya kwa Kiswahili.

Tena tazameni jambo la Januari 2024. Tanzania ilitangaza kuzizuia ndege za abiria za Kenya zisitue Dar es Salaam, kwa kuwa Kenya ilikuwa haijaipa ndege ya mizigo ya Tanzania ruhusa iliyoomba. Ugomvi ulikuwa wa ndege, kama ule wa 1977. Safari hii ulisuluhishwa katika siku chache tu. Na katika Julai 2025, Tanzania ilipotoa amri ya kuwakataza wageni kufanya baadhi ya biashara ndogo ndogo, Kenya ililalamika, lakini mpaka haukufungwa.

Kwa nini la 1977 lilichukua karibu miaka saba, na la 2024 likachukua siku? Hatudhani ya kuwa watu wa leo wapendana kuliko wa zamani. Sababu ni kwamba leo mawaziri wajuana, wana vikao vilivyopangwa, na kila mmoja ajua ni nani wa kumpigia simu lalamiko likiwa bado ni dogo. Hesabu hufungwa kabla haijawa rundo. Mapenzi baina ya dola hayadumu. Kinachodumu ni desturi ya kukaa na kuhesabiana.

Nasi wa majumbani tuna kazi yetu. Enyi vijana, twawaona katika simu zenu mkitukanana, Mkenya na Mtanzania, juu ya mpira, juu ya muziki, juu ya nani ajuaye Kiswahili. Mwasema ni mzaha. Na ule wa mtu kumla mtu ulikuwa mzaha vile vile. Mtu akizoea kumcheka jirani yake, siku mlango utakapofungwa atapiga makofi, wala hatamkumbuka mwanamke mzee aliyekaa juu ya mkeka akauliza amegombana na nani.

Yule kijana wetu wa darasani tulimpa jawabu hili kwa mdomo: nchi zikigombana juu ya mali ya shirika, hugawiwa na mtu wa kando, kwa gharama kubwa na kwa muda mrefu, isipokuwa zimeandika hesabu zao mapema kama yule mzee wa Vanga. Akauliza: "Na ile minazi, Maalim?" Tukamwambia iko. Mingine imeanguka kwa uzee, na miche imepandwa mahali pake. Kila mwaka huletewa khabari yake kutoka ng'ambo, pamoja na hesabu.

Mwenyezi Mungu auache mlango huu wazi, atujaalie kuwa majirani wenye kuandika haki za wenzetu hata wakiwa hawapo. Amin.